Makosa Uliyoyatunza

Mke wangu mpendwa, Mama Veronika,

Ninakuandikia jambo ambalo ungalikuwapo nisingalithubutu kukuambia uso kwa uso. Madaftari yako ya makosa hayapo tena. Mimi ndiye niliyeyapoteza, na niliyapoteza kwa kalamu yangu mwenyewe. Barua hii nimeiacha wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu uliowafundisha kusoma wamejaa katika mji huu wa Babati, na wana haki ya kujua kilichotokea kwa kazi uliyoifanya kwa ajili yao.

Miaka yako yote ya ualimu ulifundisha darasa la kwanza. Ulianzia Mutuka kwenu, ukahamia Sigino, ukamalizia hapa mjini. Mimi nilifundisha Kiswahili sekondari. Majirani walidhani tunafanya kazi moja, na mimi nilikuwa nawarekebisha: mke wangu anawafundisha watoto kusoma, mimi ninawafundisha lugha. Ulikuwa unanitazama tu, unaendelea kuchagua mchele.

Ulikuwa unawapokea watoto waliofika shuleni na Kigorowa peke yake kinywani. Lugha yenu haina sauti ya z wala ya v, na mtoto asiyewahi kuitamka sauti hukamata iliyo karibu nayo. Mvua huwa mfua. Meza huwa mesa. Mama yako mzazi alimwita mjukuu wake Feronika mpaka siku alipofariki, nami niliyechagua jina lile nikameza mate, kwa kuwa hata mimi sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha mama mkwe. Wewe peke yako ndiye niliyekusahihisha bila aibu. Kabla hatujaoana uliniandikia barua kutoka chuoni, nami nikakurudishia barua ileile ikiwa na wino mwekundu. Nilipokuja kukuona uliniuliza, "Umeisoma barua yangu, au umeisahihisha tu?" Nilijibu kwamba nimefanya yote mawili. Ulicheka. Mpaka leo sijui kwa nini ulikubali kuolewa nami.

Madaftari yale yalikuwa manne, yale makubwa yenye jalada gumu ambayo madukani huitwa kaunta buku. Uliandika jina la mtoto, ukaandika alichokisema vilevile alivyokisema, kisha ukaongeza mstari mmoja wa maelezo yako. Niliyaona kuwa upotevu wa karatasi. Nilikuuliza mara nyingi sababu ya kulitunza kosa wakati kazi ya mwalimu ni kuliondoa.

Jioni moja, chakula kikiwa bado jikoni, ulinisogezea daftari mezani.

"Nisomee hapa, Baba Veronika."

Nikasoma, "Sisi la baba ni kubwa." Nikakurudishia. "Huyu hajui chochote. 'Sisi' ni kiwakilishi. Hakimilikiwi na baba wala mama."

"Soma tena. Tazama neno la pili."

"La."

"Kwa nini hakusema 'sisi ya baba'? Kwa nini hakusema 'sisi wa baba'?"

Nikalisogeza daftari karibu na taa.

"Mwalimu wa ngeli, nijibu basi! Ng'ombe wa baba yake wanalala wapi?"

Zizini. Mtoto alikuwa anasema zizi la baba ni kubwa. Ile "la" ilikuwa imekaa mahali pake barabara, kwa upatanisho ambao wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wanaukosea. Pembeni ulikuwa umeandika: "Ngeli anaijua. Ulimi ndio bado. Asichekwe." Ungechukua wino mwekundu kama mimi, ungemfundisha mtoto yule kwamba hajui kitu anachokijua.

Jioni ile nilikubali kwamba ulikuwa na sikio ambalo mimi sikupewa. Nilikubali moyoni. Kwa mdomo nilisema chakula kinachelewa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie.

Miaka minne baada ya kukuzika, alifika nyumbani binti mmoja aitwaye Devota. Ni mwenyeji wa mkoa mwingine, mwajiriwa wa mradi wa kufundisha watoto kusoma kwa mashine. Alinisalimu vizuri, akasubiri aambiwe akae ndipo akakaa. Alikuja na kishikwambi. Neno hili ungelicheka. Ni kile kidude bapa kama kibao cha kuandikia, chenye kioo, ambacho mtu hukishika mkononi na kukipangusa kwa kidole. Walimu wengi wanacho siku hizi. Ndani yake wameweka kitu ambacho wengine wanakiita akili mnemba na wengine akili unde. Mimi nimechagua akili unde, kwa sababu ndani yake ninakiona kitenzi: kuunda.

Devota alinieleza kazi yake. Mtoto anasoma sentensi kwa sauti, kishikwambi kinasikiliza, kinajua alipokwama, kinamwambia. Darasa likijaa namna gani, kila mtoto anakuwa kama ana mwalimu aliyekaa naye peke yake.

"Na kinachoka?" niliuliza.

"Hakichoki, Mwalimu."

"Na hukasirika?"

Alitabasamu. "Hakina moyo huo, Mwalimu."

Nikakukumbuka wewe, ukiwa umepiga magoti kwenye sakafu ya darasa, vumbi kwenye sketi, sikio lako karibu na mdomo wa mtoto mmoja huku wengine wengi wakingoja zamu ambayo siku hiyo isingefika. Ulirudi nyumbani ukisema, "Leo nimewasikia wanane tu." Ulilisema kama mtu anayeungama dhambi.

Devota aliendelea. Mwalimu mkuu mmoja, uliyemfundisha wewe, alikuwa amemwambia kuhusu madaftari yako. Aliomba ayapate, yaingizwe kwenye mashine. Alisema hivi, na maneno yake ninayakumbuka vizuri kwa sababu nimeyarudia mara nyingi tangu siku ile: "Tunahitaji namna watoto wa huku wanavyosoma, Mwalimu."

Mke wangu, nilitumaini. Mimi ambaye nilipinga hata kikokotoo kisiingie chumba cha mtihani, nilitumaini kama kijana. Niliona sikio lako likitolewa kaburini na kupelekwa kila shule, Mutuka na Sigino na huko mbali ambako hukuwahi kufika. Niliona mtoto anasema "sisi la baba" na kitu kinamjibu, "Ngeli unaijua." Nilimwambia Devota anipe wiki tatu.

Niliyatoa madaftari kabatini. Mchwa walikuwa wameanza kula pembe, na mahali pengine wino ulikuwa umefifia. Nikaona haifai kumkabidhi mgeni kitu chakavu namna ile. Nilinunua karatasi safi, nikakaa dirishani kila asubuhi, nikanakili. Unaujua mwandiko wangu. Nilipiga mistari kwa rula. Nilipanga majina kwa alfabeti.

Na nilisahihisha.

Sikukaa nikaamua kufanya hivyo. Jicho liliona "mfua", mkono ukaandika "mvua". Jicho liliona "fitabu fyangu", mkono ukaandika "vitabu vyangu". Miaka thelathini na minane mkono huu haujapitisha kosa bila kuligusa, na haukujua kwamba siku ile uliombwa kazi nyingine. Nilipofika kwa mtoto wa zizi niliandika, "Zizi la baba ni kubwa." Maelezo yako yalikuwa hapo pembeni: "Ngeli anaijua. Ulimi ndio bado." Nikaona hayana maana tena karibu na sentensi isiyo na kasoro. Nikayaacha. Nilifanya hivyo ukurasa baada ya ukurasa, tena kwa furaha, maana nilihisi kwamba hatimaye ninakusaidia kazi yako.

Nilipomaliza sikuona sababu ya kutunza nakala yenye makosa wakati nakala safi ipo. Jirani yetu Mama Shabani, anayekaanga maandazi karibu na stendi, alikuwa ameniomba karatasi za kufungia. Nilimpelekea madaftari yote manne. Alinishukuru sana.

Devota alikuja siku tuliyoahidiana. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akafunua katikati, akafunua mwisho.

"Mwalimu, mwandiko wako ni mzuri mno. Samahani, makosa yako wapi?"

"Makosa gani?"

"Ya watoto. Vile walivyokuwa wakisoma."

"Nimeyasahihisha," nilisema.

"Yote?"

"Yote. Tafuta, hutapata hata moja."

Nililisema kwa majivuno. Nilikuwa ninangoja sifa. Binti yule aliweka karatasi mezani polepole, akazipanga kingo zikalingana. Ndipo akaniambia, kwa upole ambao sikustahili, kwamba Kiswahili sahihi mashine inacho tele. Vitabu vyote imekwisha kumezeshwa. Kilichokosekana ndani yake ni watoto wa huku.

"Nipe basi yale ya Mama mwenyewe," alisema. "Hata kama yameliwa na mchwa. Hata vipande."

Nilitoka bila kofia. Mama Shabani alikuwa ameinama kwenye karai.

"Karatasi zile, Mama Shabani. Zile nilizokuletea."

"Zimekwisha wiki ileile, Mwalimu! Zilikuwa nzuri, nzito, hazipitishi mafuta. Una nyingine?"

Nilimwambia sina. Akanifungia maandazi mawili kwenye gazeti, akakataa kulipwa.

Nilitaka kuiona hasara yangu kwa macho, kwa hiyo nikamwomba Devota anichukue atakapokwenda kukijaribu kishikwambi shuleni. Tulikwenda Mutuka. Darasa lako limepakwa rangi, ila madirisha ni yaleyale. Mwalimu wa darasa, binti mchangamfu, aliwaita watoto mmojammoja. Watoto wa watumishi na wafanyabiashara, ambao nyumbani wanazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, walisoma na kishikwambi kikawapigia makofi. Kina sauti ya makofi ndani yake. Kisha akaitwa mtoto wa kike aitwaye Ester. Alisimama mbele ya kile kioo, mikono nyuma.

"Mfua inanyesha," alisoma.

"Jaribu tena," kikasema kishikwambi. Sauti yake ni nzuri, ya mwanamke, na matamshi yake hayana dosari. Nilipoisikia nilitambua kwamba inazungumza kama mimi.

"Mfua inanyesha."

"Jaribu tena."

"Mfua inanyesha," alisema mtoto, sasa kwa nguvu, kama anayezungumza na mtu kiziwi.

"Jaribu tena."

Hakikuchoka, na hakikukasirika. Devota alikuwa amesema kweli. Kilirudia kwa sauti ileile mpaka mtoto akafunga mdomo. Mwalimu wake alimshika bega. "Huyu anasoma kuliko wote, Mwalimu, wallahi. Hiki ndicho kinachomkataa." Akamgeukia. "Soma, mama, usiogope." Ester hakusoma. Wale waliopigiwa makofi walianza kucheka, naye akarudi mahali pake akalaza kichwa juu ya dawati.

Wewe ungalijua la kumwambia. Lilikuwa limeandikwa. Nilijaribu kulikumbuka nikiwa nimesimama pale mlangoni. Ulikuwa na njia ya kuwashikisha koo kwa vidole, wausikie mtetemo wa sauti. Hiyo nilikuona ukiifanya. Lakini nini kilitangulia? Ulimwambia nini mtoto aliyekwisha kulaza kichwa? Niliinama karibu na dawati la Ester, nikamwambia, "Sema mvua." Mke wangu, hilo ndilo neno nililolipata. Alijifunika uso kwa mikono.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza Devota kama haiwezekani kuyakusanya upya. Alisema amejaribu. Watoto wakiwekewa kinasa sauti wanasoma yale tu wasiyoweza kukosea, au hawasomi kabisa, na walimu hawana nafasi ya kukaa na kueleza kila kosa limetoka wapi, kama ulivyofanya wewe maisha yako yote. Na muda wa mradi katika mkoa huu wa Manyara ulikuwa unakwisha. Mashine itasambazwa kama ilivyo.

"Itaboreshwa baadaye," alisema.

"Na nani?"

Alitazama nje ya bajaji. Ni binti mkweli, hakutaka kunidanganya.

Tangu hapo nimekaa dirishani na karatasi tupu nikijaribu kuyarudisha. Nimepata kumi na moja, yale tu uliyoyataja mezani ukanichekesha au ukanishinda. Mengine sikuyasikiliza. Veronika nimempigia simu. Anakumbuka mawili, na moja ni lile la zizi. Nikasema nitawafuata wenyewe, wale uliowafundisha, waniambie walivyokuwa wakisema. Nimekwenda kwa fundi viatu, kwa karani wa mahakama, kwa dereva wa basi ambaye jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Wote wamenikaribisha, wamenipa kiti, na wote wamezungumza nami Kiswahili ambacho ningekipa alama zote. Wengine huipima kila sentensi kabla ya kuitoa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni. Nilipokaribia mahali wanapouza samaki wa ziwani nilisikia sauti ya mwanamke kwa nyuma, ikimwita mteja: "Njoo uone, samaki fisuri, sa leo leo! Sisi usiku kucha tulikuwa siwani!"

Nilisimama. Fisuri. Sa leo. Siwani. Nilitoa kalamu na karatasi mfukoni nikazunguka meza. Alikuwa Regina, unamkumbuka, yule wa Sigino aliyekuwa akija nyumbani kukusaidia kupukuchua mahindi. Ana wajukuu sasa. Aliponiona alishusha mikono na kuifuta kwenye kitenge.

"Shikamoo, Mwalimu." Akavuta pumzi. "Karibu. Samaki ni wazuri, wa leo."

Wazuri. Wa leo. Amerekebisha sauti na upatanisho pamoja, kwa pumzi moja.

"Regina, sema kama ulivyosema sasa hivi."

"Nimesemaje, Mwalimu?"

"Ulipomwita yule mteja. Sema vilevile. Nataka kuandika."

Aliitazama kalamu yangu. Jirani yake wa meza, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliangua kicheko. "Yamekukuta, Mama Joshua! Mwalimu amekufuata mpaka sokoni na kalamu yake! Leo unarudi darasani na hao samaki wako!"

"Siyo hivyo," nilisema. "Silitafuti kosa ili nikuadhibu. Ninalihitaji. Ni kwa ajili ya Mama Veronika, Regina. Ni kwa ajili ya watoto. Tafadhali."

Sijawahi kumwambia mwanafunzi "tafadhali". Pengine hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, alikunja mikono kifuani mbele yangu kama siku za paredi ya asubuhi, akainamisha kichwa.

"Unisamehe, Mwalimu," alisema. "Sitarudia tena."

Nilisubiri kando, nyuma ya magunia, nikisikiliza anavyowaita wateja mpaka samaki wakaisha. Hakurudia.

Pumzika, Mama Veronika. Sina jingine la kukuletea.

Mumeo,
Baba Veronika
Babati